Njia ya Pili Migombani

Asubuhi, kijiji chetu cha Suma, wilayani Rungwe, huamka ndani ya ukungu. Migomba huonekana kama watu wanaotembea polepole. Tusekile aliipenda saa hiyo. Ukungu ulimficha alipokwenda migombani kujisaidia.

Choo kilikuwepo, lakini kilikuwa cha baba mkwe wake, mzee Lazaro. Kwa mila yetu, mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Hazungumzi naye, wala hatumii choo chake.

Mvua ilinyesha usiku na mchana. Maji yalishuka taratibu kutoka migombani hadi kwenye chemchemi. Mtoto wa Tusekile, Lugano, akaharisha kwa mara ya tatu masika hayo. Macho yake yakaingia ndani. Hakulia tena, alitazama tu.

Hajira, mhudumu wa afya wa kijiji, alifika na mwavuli wake. Alichanganya chumvi na sukari katika maji yaliyochemshwa yakapoa. Akamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko.

"Mama Lugano, maji mnachota wapi?"

"Pale chini."

"Na wewe unajisaidia wapi?"

Tusekile aliinamisha kichwa. "Pale juu."

Hajira hakumcheka. "Basi mvua inashusha kinyesi hadi kwenye ndoo yako, mdogo wangu. Mtoto anakinywa."

"Sasa nivunje mila?"

"Nani kasema uvunje? Kwani ardhi ya Rungwe imekwisha? Chimbeni choo cha pili, chini ya chemchemi na mbali nayo. Maji ya kunywa chemsha. Mikono nawa kwa sabuni."

Mtu alikohoa nje. Mzee Lazaro alikuwa amekuja kumjulia hali mjukuu, akaishia ukutani. Tusekile alijifunika kanga.

"Hajira," alisema mzee, "mwambie huyo nisiyesema naye, jembe langu bado lina makali."

"Nitamwambia, baba. Ingawa masikio anayo!"

Kesho yake mzee alichimba na mwanawe Ackson, mume wa Tusekile.

"Ackson, unachimba au unaipapasa ardhi?" mzee alimtania.

Walijenga kuta za mianzi, wakaweka mfuniko. Wakafyeka njia ya Tusekile peke yake. Mlangoni Hajira alitundika dumu tupu la mafuta ya kula, lile la plastiki linalouzwa madukani siku hizi. Alikuwa amelitoboa tundu dogo, akalijaza maji ya kunawia mikono.

Masika yakapita. Lugano hakuharisha tena. Sasa anakimbiza kuku.

Kila asubuhi mzee Lazaro husikia maji yakichuruzika ng'ambo ya ukungu. Hamwoni mtu. Hutabasamu, akainuka, akaenda kunawa mikono yake.