Siku Fundi Hakukimbia

Ukumbi wa chini ulifurika watu, lifti imegoma, na fundi wake, dada mwenye ovaroli ya buluu na hereni za dhahabu, amepiga magoti mlangoni. Ndipo akatokea kijana mtanashati, amekumbatia keki ya ngazi nne.

"Dada fundi, nakuomba. Harusi iko ghorofa ya tisa."

"Wewe ndiye bwana harusi?"

"Bado natafuta bibi."

Fundi akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Lifti ikatengemaa, keki ikapanda salama, namba za simu zikabadilishwa, na tangu hapo kijana akaitwa Keki.

Lakini Fundi alikuwa na donda lake. Utotoni mama yake alimwacha kwa shangazi bila kumwambia sababu. Ukubwani, mwanamume akichelewa tu, Fundi humwahi: anamwacha kabla hajaachwa. Alipochoka kupoteza wachumba, akaenda kwa mshauri nasaha, mama mmoja asiyependa porojo, aliyempa maswali ya kujipima. Ukiumia, unaweza kujituliza? Unaweza kusema unachohitaji bila kukimbia wala kushambulia?

"Sipimi maumivu peke yake, mwanangu," alisema. "Napima na yule mtu mzima aliye ndani yako, ana nguvu kiasi gani."

Fundi alijipa alama za chini, akaona aibu.

Ikafika Jumapili ya Keki kujitambulisha nyumbani. Chakula kikapoa, Keki hajafika. Simu yake ikaita bila kupokewa. Mama yake mzazi, aliyerudi Fundi akiwa tayari mtu mzima, akaguna. Fundi, na gauni lake jekundu, akajifungia chumbani, kidole tayari kufuta namba ya Keki. Akavuta pumzi. "Umeumia, lakini wewe si mtoto tena," akajiambia, akapiga.

"Keki, nimeumia. Sigombani, wala sikuachi. Uko wapi?"

"Niko nje ya geti lenu, mpenzi. Nimeogopa. Nikaona hata aibu kupokea simu."

"Ukiogopa, niambie. Usininyamazie tena, sitakubali. Umesikia?"

"Nimesikia, Fundi."

"Haya, nakuja."

Akatoka kichwa juu, akijivunia nafsi yake kuliko siku zote. Akarudi amemshika mkono Keki, suti imelowa jasho.

"Mama, huyu ndiye mume niliyemchagua. Aliogopa, nikamfuata."

Mama hakumtazama mgeni. Alimtazama binti yake, machozi yakimlengalenga.

"Mimi nilikimbia," akasema polepole. "Wewe umefungua mlango. Ingia, baba. Chakula tutapasha."