Vumbi Jeupe Kwenye Kibodi

Jumapili asubuhi, katika chumba cha kompyuta kule Gesima, mashine ilikutwa tena haijamaliza kazi yake. Kazi yenyewe ilitoka kwa watafiti wa malaria: kompyuta ikikaa bure, programu moja iliwapigia hesabu zao. Hesabu zikichelewa, zinatupwa.

Geoffrey, msimamizi, alishapata mkosaji.

"Ni Ochoki, mlinzi wetu. Anacheza gemu humu. Kesho hana kazi."

Ochoki alisimama pembeni, kofia mkononi. "Mzee, na watoto wangu wale nini?"

Laila, fundi kutoka Kisii mjini, aliyasikia hayo akiwa nje ya mlango. Mwenye nyumba, mama Persis, akaja kutoka kwake, akamfungulia mlango, akauzuia kwa tembo wake mdogo wa jiwe laini, lile la kuchongea vinyago.

"Ingia, mwanangu. Baridi ni kali."

Laila akaanza mwanzo. Umeme ulikuwepo, mtandao pia. Mfumo wa mashine, Linux, ulikuwa mzima, programu ilikuwa na ruhusa ya kufungua faili zake, wala mashine haikuchemka. Akafungua kumbukumbu za programu, akasoma: "Imesimama. Kompyuta inatumika." Ijumaa jioni mpaka Jumamosi jioni, kila wiki.

"Si nilisema?" Geoffrey akadakia. "Na ona huo unga! Anakula chapati hapa hapa."

Kweli, kile kitufe kirefu cha chini kilikuwa na weupe. Laila akausugua kwa vidole. Ukateleza kama poda. Unga hauko hivyo.

"Ochoki, Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Kiogoro, kwa dada. Ijumaa nafunga mapema, ufunguo namwachia mama Persis."

"Shahidi ni dada yake!" Geoffrey akacheka.

"Mzee, ni mtu gani anacheza gemu usiku kucha na mchana kutwa, hata chooni haendi?" Laila akauliza. "Hapa hakuna pumziko hata kidogo. Huu si mkono wa mtu. Ni kitu kizito kilichowekwa juu ya kitufe."

Akaacha kibodi, wakangoja. Baadaye kidogo programu ikaamka, feni ikavuma. Laila akatazama vidole vyake vyeupe, akamchukua yule tembo mlangoni, akamkalisha juu ya kile kitufe kirefu. Feni ikanyamaza polepole. Alipomwinua, weupe ule ule ulibaki.

Wote wakamgeukia Persis.

"Ni mimi," alisema, hakutikisika. "Nyumba ni yangu. Sabato ikiingia, kwangu hata ng'ombe halimi. Sasa nasikia kitu hiki kinavuma peke yake, kinafanya kazi. Nilishaona: Ochoki akiandika, kinatulia; akiondoka, kinaanza. Basi nikakitafutia wa kukikalia."

"Si ungezima tu?" Geoffrey akauliza.

"Nizime mali ya watu? Yaya, hapana! Nikiharibu?"

"Na Ochoki afukuzwe?" Laila akauliza.

Hapo uso wa Persis ulibadilika. "Afukuzwe? Nani aliniambia? Geoffrey, jana tumekaa benchi moja kanisani. Umeimba, umeomba, hukuniuliza neno."



Laila akarudi kwenye programu, akachagua siku za kazi: Ijumaa jua likitua ipumzike hadi Jumamosi jioni, na ichukue hesabu chache ili zisichelewe.

"Na mimi je?" Ochoki akauliza.

Geoffrey akakohoa. "Wewe njoo kesho kama kawaida. Tutaongea."

"Kesho ya nini?" Persis akasema, akimrudisha tembo wake mlangoni. "Mwombe msamaha sasa. Leo si Sabato."