Hataza ya Ukoo Mzima

Wenzangu, kisa hiki ni cha nyumba ya mdogo wangu, na mkewe amenipa ruhusa ya kukisimulia. Mdogo wangu mwenyewe nilipomwuliza aliinua mabega tu, akasema, "Sema, dada. Labda kitamfaa mtu." Basi kaeni nami kidogo. Humu hamna mwizi wala mlevi, na hakuna aliyepigwa. Nyumba ilivunjika vilevile.

Mdogo wangu ni mkemia. Wifi yangu naye ni mkemia. Walikutana chuoni wakigombania mizani. Walipooana walikodi vyumba viwili nyuma ya duka la miwani, wakavigeuza maabara. Chumba kimoja kilikuwa cha chupa na majiko, kingine kilikuwa na tangi la chuma lenye pampu ya kufyonza hewa. Kazi yao ilikuwa kutengeneza unga unaotoa mwanga. Mimi ni fundi cherehani, sikusomea hayo, ila nimeelezwa mara nyingi hadi yamekaa. Vioo vya simu na televisheni za siku hizi, zile nyembamba, vina tabaka la unga wa namna hiyo, na umeme ukipita, tabaka linawaka. Kila chembe ya unga ina metali katikati, kama iridiamu au platinamu, na kuizunguka kuna mikono ya kaboni iliyoishika. Ukibadilisha mkono, rangi nayo inabadilika. Nyekundu na kijani za kudumu zilishapatikana. Buluu ndiyo ilikuwa inasumbua watu. Inawaka vizuri, halafu inachoka mapema na kufifia.

Wao walipata buluu isiyochoka upesi.

Naikumbuka Jumamosi ile. Mimi na binti yao tuliwapelekea chakula cha mchana. Kipande cha kioo, kidogo kuliko kiganja cha mtoto, kilikuwa kinawaka mezani, na kilikuwa kimewaka hivyohivyo kwa majuma. Walikuwa wamekaa kando yake kama watu wanaomtazama mgonjwa aliyepona. Wifi alikuwa amevua viatu, miguu kaiweka juu ya stuli. Mdogo wangu alimpakata binti yake na kumwacha aandike jina lake kwenye vumbi la dirisha.

"Wifi," wifi yangu aliniambia akigusa mchoro wa chembe, "niliongeza kishikizo kimoja tu hapa pembeni. Kidogo hivi. Tumehangaika muda wote huo, kumbe ilikuwa inataka kushikiliwa upande huu."

"Basi mmemaliza?"

"Tumemaliza," alisema, akafumba macho.

Hawakuwa wamemaliza.

Siku chache baadaye walikwenda kwa wakala wa hataza. Hataza, kwa asiyejua, ni haki anayopewa mtu aliyevumbua kitu kipya: kwa miaka kadhaa hakuna mwingine anayeruhusiwa kukitengeneza wala kukiuza bila idhini yake. Naye anailipia kwa siri yake. Lazima aeleze wazi jinsi kitu kilivyotengenezwa, na maelezo hayo huchapishwa, asome anayetaka. Shikeni hapo, kwa sababu ndipo palipowaumiza.

Wakala alikuwa mzee mpole aliyevaa sweta mchana kutwa, maana kiyoyozi cha ofisi yake kilikuwa kimeharibika kikakataa kuzimika. Aliwasikiliza, akatazama michoro yao, akasema, "Buluu hii mmeitengeneza, mmeipima, na inadumu. Tuidai hii, pamoja na ndugu zake wachache wa karibu ambao nao mmewapima. Tutaipata."

"Mzee, sitaki mmoja na nduguze," mdogo wangu alisema. "Nataka ukoo mzima."

"Ukoo upi?"

"Metali yoyote katikati. Mikono yoyote. Kishikizo chochote, upande wowote. Kila kitakachojengwa kwa mtindo huu kiwe chetu."

"Umevitengeneza hivyo vyote?"

"Nitavitengeneza."

"Unajua kwamba vitawaka?"

"Kwa nini visiwake?"

Mzee alivuta sweta lake, akamgeukia wifi. "Na wewe mama, unasemaje?"

"Mimi ningedai ile moja."

Mumewe akamshika mkono. "Mama, tukidai moja tu, kampuni kubwa zitabadilisha kishikizo kimoja, zituache tunatazama. Niamini."

Niseme ukweli, hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Wapo wanaofanya hivyo, na ndiyo maana mtu hudai na majirani kidogo wa kitu chake. Ila kuna kudai majirani, na kuna kudai mji. Wifi alichukua kalamu, akasaini. Ombi lilikuwa kwa majina yao wote wawili, kwa hiyo lisingeweza kubadilishwa bila saini zote mbili. Likaenda, likidai ukoo mzima.

Muda ulipita, maelezo yakachapishwa kama sheria inavyotaka, na hatimaye jibu la mkaguzi wa hataza likaja. Siku wakala alipowaita, wifi alikuwa na kikohozi kisichoisha, nami nikamsindikiza. Ndiyo maana niliyasikia haya kwa masikio yangu.

"Mkaguzi amepata makala ya zamani," wakala alisema. "Kuna watu walitengeneza unga mmoja ninyi mkiwa bado mnanyonya. Umo ndani ya ukoo mnaoudai."

Mdogo wangu aliusoma mchoro wa makala hiyo. "Lakini huu hauwaki. Unatoa mwanga kama wa kibiriti kilicholowa."

"Hukudai vinavyowaka vizuri. Umedai vyote. Kimoja kikishakuwa kinajulikana, dai lenye hicho ndani yake si jipya tena. Tena mkaguzi anauliza: umeleta mfano wa metali moja, unadaije metali zote? Hataki kukupa kitu ambacho hujakivumbua."

Chumba kilikuwa baridi. Wifi alikohoa ndani ya kanga yake.

"Sasa soma hapa mwisho," wakala aliendelea, na sauti yake ikawa ya mtu anayebembeleza. "Ile moja yenu, yenye kishikizo cha mama, hajaona popote kitu kama hicho. Anakubali kwamba hakuna ambaye angetarajia idumu hivyo. Tufute mengine yote tubaki na hiyo, atatoa hataza. Ila tujibu ndani ya muda."

"Tufute," wifi alisema.

"Hatufuti," alisema mumewe. "Nitampelekea ushahidi. Nitamwonyesha kwamba ukoo wote unawaka."

Ndugu msomaji, hapo ndipo palipokuwa na mlango, nao ulikuwa wazi kabisa. Wangeweza kutoka ofisini mle wakanywe chai, warudi nyumbani na kitu mkononi.

Badala yake walirudi maabara kutengeneza ukoo. Yeye alichora, mkewe akapika. Wakajaribu platinamu, wakajaribu osmiamu, wakajaribu hata shaba. Kila unga ulitaka kupikwa, kuchujwa, kusafishwa na kukaushwa, kisha kuingizwa kwenye tangi upakwe juu ya kioo, na mwingi haukuwaka. Uliowaka ulizimika wangali wanautazama. Mikono ya wifi ikapasuka kwa glavu na dawa za kuyeyushia. Akawa akija kwangu anakaa tu kwenye kiti cha wateja, mpaka nikajifunza kumwacha akae.

Na nyumbani? Jiko lao lilishika ukoko ambao sabuni haikuuweza. Mtoto akawa anapita dukani kwangu baada ya shule, pindo la sketi limefumuka. "Shangazi, nishonee hapa." Nashona. Kesho yake kitufe. Shule ilipoita wazazi, nilikwenda mimi, mwalimu akaniuliza kama wazazi wa mtoto wapo hai. Nikamjibu kwamba wapo, wako kazini. Aliandika kitu, hakuniambia ni nini.

Jioni moja nilimrudisha mtoto kwao tukala pamoja. Mdogo wangu alikuwa mezani, lakini alikuwa anachora pembeni ya sahani.

"Mwalimu anamuuliza mtoto baba yake yuko wapi," wifi alisema.

"Mwambie nafanya kazi kwa ajili yake."

"Mwambie mwenyewe. Si huyo mbele yako?"

Hakuinua kichwa. Mtoto alikuwa anapanga punje za wali kwa kijiko.

"Unadai ukoo mzima wa unga," wifi alisema polepole, kama mtu aliyechoka hata kukasirika. "Huu wa kwako, wa watu wanaoenea meza moja, unakushinda."

Nilidhani angejibu. Nilidhani hata angegomba, ingekuwa afadhali.

"Ule wa shaba umekauka?" akauliza.

Wakala alikuwa ameshaomba muda uongezwe, na nyongeza hiyo nayo ilikuwa inakwisha. Alimpigia wifi simu akamwambia hakuna nyongeza nyingine. Wifi alipita ofisini kwake, akachukua karatasi ya kufuta madai mapana na kubakiza ile moja, akaisaini papo hapo, akaja nayo nyumbani. Nilikuwa jikoni kwao nasugua lile jiko.

"Saini hapa," alimwambia mumewe. "Hapa tu."

Aliisoma yote, ingawa alijua kilichoandikwa. "Nikisaini hii, natangaza kwamba miaka yote hii tulipata kitu kimoja."

"Tulipata kitu kimoja. Kizuri. Mimi kilinitosha."

"Kesho," alisema. "Kuna sampuli moja ya mwisho inakauka. Ikiwaka, hatutahitaji karatasi hii."

Kesho yake sampuli haikuwaka. Akasema pengine tabaka lilikuwa nene mno, warudie. Wifi hakurudia. Alikaa kwenye stuli ya maabara, mikono mapajani, mpaka ofisi zikafungwa na siku ya mwisho ikapita.

Wiki ile mdogo wangu aliamka. Sijui ni nini kilichomwamsha, labda ukimya wa mkewe. Alikwenda kwa wakala mbio, amevaa viatu bila soksi, nami nikamfuata kwa sababu sikuipenda sura yake.

"Nasaini, mzee. Lete karatasi."

"Ombi limehesabiwa kuwa limeachwa."

"Hakuna njia ya kulirudisha?"

"Ipo, kwa aliyeugua au aliyepotelewa na barua. Wewe uliandikiwa, ukapigiwa simu, ukakataa. Nitaandika nini?"

"Basi tuombe upya. Ile moja tu. Naikubali ile moja."

Wakala alivua miwani. "Maelezo yenu yamechapishwa siku nyingi. Dunia nzima inaijua buluu yenu sasa, na kinachojulikana hakipewi hataza. Haijalishi aliyekitoa ni nani. Ile makala ya zamani ilizuia ukoo. Hii moja mmeizuia wenyewe."

"Kwa hiyo ni ya nani?"

"Ya kila mtu, kijana wangu."

Mdogo wangu aliketi kwenye kiti cha wageni. Nilimwekea mkono begani, akawa anatetemeka, na sikujua kama ni kwa kilio au kwa kile kiyoyozi.

Haikupita muda mrefu, mhandisi wa kampuni moja ya mbali akapiga simu. Alikuwa na adabu. Alisema wameanza kutengeneza ile buluu, akashukuru kwa maelezo yaliyonyooka, akauliza kama wanaukausha unga kabla au baada ya kuusafisha mara ya pili. Hawakuiba kitu, wala hawakuvunja sheria yoyote. Wifi ndiye aliyepokea. Alimweleza kila kitu, hata mambo ambayo hawakuyaandika kwa sababu waliyaona madogo.

"Kwa nini umewapa?" nilimuuliza.

"Angalau iwake mahali, wifi."

Mwezi uliofuata alipata kazi ya kufundisha kemia katika mji mwingine, akaenda na mtoto. Hakuondoka kwa ugomvi. Alifua mashuka yote, akayakunja, akamwachia mumewe ufunguo. Mdogo wangu akaajiriwa katika kiwanda cha rangi za nyumba. Anakwenda kuwaona baadhi ya Jumapili. Mtoto humpokea kama mgeni wa heshima, anamletea maji ya kunywa na kumuuliza habari za safari. Wifi hajarudi. Hajasema kwamba hatarudi.

Siku tuliyosafisha maabara ili mwenye duka la miwani apokee vyumba vyake, mdogo wangu aliacha kufagia akaegemea ukuta.

"Dada, nilikuwa na tamaa?"

"Ulikuwa nayo."

"Mimi nilidhani ni akili," alisema, akaendelea kufagia.

FUNZO LA KISA HIKI

Wenzangu, tamaa haiji na jina lake. Kwa mdogo wangu ilikuja ikiitwa kuona mbali, ikiitwa kuilinda familia, na kila aliposhauriwa apunguze, alisikia anaibiwa. Kwa hiyo ukimwona mtu anakataa kilicho chake kwa sababu si vyote, usimsifu kwamba ana maono makubwa. Mwulize nyumbani kwake anakula na nani.

Nanyi wavumbuzi, na vijana mnaosoma mambo haya magumu, dai ulichokitengeneza, na majirani zake unaoweza kuwathibitisha. Ukidai usichokijua, utakutana na mwenye nacho wa zamani, na ukikataa kurudi nyuma, siri yako itakuwa imeshatoka na haki yako haijaja. Mkishauriwa na anayeijua kazi, sikilizeni. Mkishauriwa na anayelala nanyi nyumba moja, sikilizeni mara mbili, kwa maana huyo ndiye atakayelipa pamoja nanyi.

Na ukipewa kalamu, na kitu kilichopo mezani ni kizuri na ni chako, saini. Kisha nenda ukamchukue mtoto shuleni.