Kibuyu Ubaoni

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi nilikuwa nafuta ubao, naandika hesabu moja, kisha naita mtu mbele. Darasa langu lilikuwa ukumbi wa kanisa pale Tuwan, Kitale, na wanafunzi wangu walikuwa watu wazima kumi na mmoja waliotaka kurudia mtihani wa kidato cha nne. Siku hiyo niliandika:

3x + 4 = 19

"Makokha, wewe ni mgeni. Njoo utuonyeshe."

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Bungoma, mpole, mikono imejaa makovu madogo ya cheche. Akachukua chaki. Hakuandika x. Alichora kibuyu cha maziwa, na shingo yake na kifuniko.

Dasta ikaniponyoka.

"Madam, nimekosea?"

"Endelea."

"Vibuyu vitatu, ongeza nne, ni kumi na tisa. Natoa nne huku, natoa nne kule. Vibuyu vitatu ni kumi na tano. Nagawa kwa tatu pande zote." Akageuka. "Kila kibuyu kiko na tano."

"Fundi ni moto bana!" Mama Wacera, muuza mitumba, akapaza sauti, na darasa likapiga makofi.

Maishani mwangu ni mtu mmoja tu aliyekuwa akichora kibuyu mahali pa x: Kiptum, mwalimu wa Kiminini, mchumba wangu. "Hujui kilichomo mpaka ukitikise," alikuwa akiwaambia watoto. Na Kiptum tulimzika miaka miwili iliyopita, kwao Mlima Elgon.

"Nani alikufundisha hivyo?" nikauliza.

"Niliona tu mahali, Madam." Akaangalia viatu vyake.

Tangu siku hiyo, jioni alikuwa ananitumia picha za hesabu zake kwa simu. Kila picha ilikuwa na vibuyu, na kila nilipoifungua nilihisi mtu mwingine amesimama nyuma yangu, anasoma pia. Nilipaswa kuogopa. Lakini nikaanza kuzisubiri.

"Madam, umekula?" aliandika siku moja.

"Hiyo si hesabu."

"Ni hesabu. Sijui jibu."

Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikaona aibu, kana kwamba marehemu amenisikia.

Mwezi wa tatu tangu aje darasani akaandika: "Lenah, si hesabu peke yake inanileta Kitale. Nakupenda. Sema kitu."

Nikageuza simu kifudifudi mezani. Niliisikia sauti yangu mwenyewe, ile ya asubuhi aliyokufa Kiptum. Alikuwa aje Kitale twende pamoja Bungoma, ajitambulishe kwa wazazi wangu. Alichelewa, nikampigia simu: "Usipofika saa nne, usije kabisa." Hakufika. Pikipiki ya boda aliyopanda ilianguka njiani. Na kwa kuwa mahari haikuwa imepelekwa, mazishini nilisimama nyuma na majirani. Jina langu halikusomwa. Hakuna aliyenipa pole, na hakuna aliyejua kwamba ni mimi niliyemharakisha.

Kwa hivyo, badala ya jibu, nilimtumia Makokha hesabu ya wiki: "Pikipiki inatoka Kiminini kwenda Kitale kwa mwendo wa x. Dereva anaongeza kilomita ishirini kwa saa, mwendo unakuwa sabini. Tafuta x."

Aliisoma. Hakujibu. Jumamosi hakuja, na iliyofuata hakuja. Nilipopiga simu, ililia mpaka ikakata.

Jumatatu nikaenda Bungoma. Nilimpata karakanani kwake Kanduyi, ameinamia geti la mtu. Aliponiona alizima mashine.

"Nani alikuambia?" akauliza.

"Kuniambia nini?"

"Si ni ile hesabu uliyonitumia. Kiminini, Kitale, dereva ameongeza mwendo. Ulitaka nijue kwamba umejua."

"Makokha, niliitunga tu. Ndiyo barabara ninayoijua."

Akavua miwani yake ya kazi polepole.

"Basi hukujua."

"Sikujua nini?"

"Mimi nilikuwa mwendesha boda pale Kiminini. Kiptum alikuwa kastoma wangu. Mvua ikitushika ananifundisha hesabu, anachora vibuyu kwa kidole juu ya tangi la pikipiki. Halafu akafa."

"Umeruka hatua." Sauti yangu ilitoka mbali. "Mstari mmoja mmoja, Makokha."

Akaiweka miwani juu ya geti.

"Alipanda saa tatu na nusu. Amevaa shati mpya."

"Endelea."

"Simu ikalia. Akaongea, akaweka mfukoni, akacheka."

"Alicheka?"

"Akaniambia, 'Mwalimu wangu ameniwakia. Lakini wewe twende pole pole. Lenah hukasirika, halafu hungoja.'"

Nilikaa juu ya rundo la vyuma. Miaka miwili, kila asubuhi, nilikuwa nikijiambia kwamba ni mimi niliyemuua.

"Halafu?"

"Kulikuwa na kastoma mwingine ananingoja kwa steji. Nikaongeza mwendo. Kiptum akanigonga bega, ati 'Punguza bana.' Sikupunguza. Kona ikaja, kulikuwa na matope."

"Nani aliongeza mwendo? Sema yote."

"Ni mimi, Lenah. Si yeye, si wewe. Ni mimi."

Jirani akaanza kusaga chuma, ikabidi nipaze sauti.

"Kwa nini hukusema siku ya kwanza?"

"Nilikuja kusema. Nilikuona mazishini umesimama nyuma, unalia bila mtu. Nikakutafuta mpaka Tuwan. Halafu darasa likanipigia makofi." Akajifuta uso kwa mkono wenye masizi. "Halafu ukaanza kunijibu. Nikawa mwoga."

Nililia mpaka nikachoka. Hakunigusa, alijua hana ruhusa.

"Kesho tunapanda mlimani kwa mama yake Kiptum," nikasema. "Utamwambia hivi hivi, bila kuruka."

"Nitamwambia. Akinifukuza?"

"Tutashuka."

"Tutashuka? Lenah, si unanichukia?"

Nimekuwa mtu wa kumeza maneno tangu utotoni. Hilo moja lilikataa kumezeka.

"Nimekukasirikia, na sijui hasira hii itaisha lini. Lakini nakupenda, Makokha. Nilikupenda kabla ya kujua, na sasa nimejua, na bado nakupenda."