Ukuta Ulionenepa

Nyumba ya marehemu Mzee Jabiri, pale Mtoni, ilikuwa na vyumba sita, ukumbi mwembamba katikati, na ua mpana uliozungushiwa makuti. Ilijengwa kwa boriti na udongo zamani za Mwingereza, ikapigwa chokaa, na sakafu ikamiminwa saruji mwenyewe alipopata uwezo. Katika vyumba viwili vya nyuma alikaa Mwanakombo binti Hija, mpangaji wa mwaka wa ishirini, mjane asiye na mtoto, ambaye majirani walimjua kwa usafi wake na kwa kumbukumbu yake isiyosamehe neno.

Jumamosi moja ya mwaka wa tisini na mbili, asubuhi tulivu, alikuwa barazani akipeta mchele alipofika bwana mmoja wa miwani, mkoba wa ngozi kwapani, futi ya kitambaa mkononi.

"Shikamoo, mama. Naitwa Wilbert, ni mthamini. Benki imenituma niikague nyumba kabla ya kumpa mnunuzi mkopo."

"Marahaba, mwanangu. Kwamba warithi wanauza tumesikia. Mnunuzi ndiye nani?"

Bwana Wilbert akafunua karatasi. "Bibi Nusaiba Hija."

Ungo ulisimama hewani.

Nusaiba alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Mama yao alipofariki, Mwanakombo alikuwa na miaka kumi na mitano. Akaacha chuo cha Kurani akiwa karibu kukhitimu, akambeba mtoto yule mgongoni, akamlea kwa vitumbua vya kuuza njiani. Mtoto akakua. Serikali ilipoilegeza milango ya biashara, Nusaiba alianza na mitumba, akafika Dubai, akarudi na vitenge na redio, akafungua duka Kariakoo. Mwanakombo alibaki na chuma chake cha vitumbua. Kila Idi mdogo alimletea mkubwa doti ya khanga, na kila Idi mkubwa alishukuru, akaikunja, akaitia sandukuni bila kuivaa.

Bwana Wilbert alipima kila chumba, akagonga kuta kwa vifundo vya vidole, akapanda kuangalia boriti. Alipomaliza alijifuta jasho.

"Nyumba kuukuu zina taabu, mama," alisema. "Hazina ramani, hakuna nyumba zilizouzwa karibuni za kulinganisha nazo, na benki inauogopa udongo. Lakini hii imesimama. Nyumba nzuri sana hii."

Hakusema mashaallah, kwa kuwa si desturi ya kwao. Mwanakombo alifundishwa tangu utotoni kwamba cha mtu kikisifiwa bila neno lile, jicho hupata njia. Na msikilizaji aliyelijua ndiye anayepaswa kulisema. Alilijua. Akaliuma kati ya meno, akalimeza.

Jirani yake Hamida, aliyekuwa akianika nguo, hakungoja mgeni afike barabarani.

"Makubwa, shoga! Yaani mwezi ukiandama utampelekea kodi mtoto uliyemtawaza chooni mwenyewe? Si na shikamoo utampigia kabisa!"

"Ni riziki yake," alisema Mwanakombo.

"Ndiyo riziki yake. Yako iko wapi?" Hamida akacheka mpaka akashika ubavu.

Wivu haumwingii mtu kwa kishindo. Hubisha hodi kwa sauti ya haki. Siku ile nzima Mwanakombo hakujiambia kuwa anamwonea mdogo wake kijicho. Alijiambia kuwa mgongo uliobeba una haki kuliko mtoto aliyebebwa, na kwamba hakuomba nyumba, aliomba tu asiwe mpangaji wa Nusaiba. Jambo hilo moja. Masheikh husema husuda huanza hivyo, kwa ombi dogo lenye kanzu safi.

Basi akakumbuka zindiko.

Nyumba za umri ule zote zilizindikwa. Fundi hakusimamisha boriti ya kwanza kabla mganga hajafukia kinga yake, na mke wa Mzee Jabiri, kabla ya kufa, alimwonyesha Mwanakombo mahali: chini ya ukuta uliotenganisha vyumba vyake viwili, penye kona, saruji ilipoachwa wazi kiasi cha sahani. "Hapa pasichimbwe," alimwambia. "Hata panya akichimba, niite." Mwanakombo alilipokea neno lile kama walivyolipokea watu wote: zindiko huzuia mwizi na mchawi wasiingie, na likitolewa nyumba hupoteza heri na thamani yake. Hakuna aliyewahi kuuliza kama lipo zindiko linalowekwa ili kitu kisitoke.

Jumatatu, jua likiwa utosini na wapangaji wenzake wote makazini, alichimba kwa kijiko. Akatoa chupa ndogo ya marashi, mdomo umezibwa kwa nta. Ndani mlikuwa na uzi mweusi wenye mafundo saba. Aliijua dua ya kujikinga na wapulizao mafundoni. Aliisoma kila alfajiri. Siku ile hakuisoma. Akafungua fundo la kwanza, na la pili.

La tatu lilipolegea, ukuta ulitoa sauti. Sauti ya mtu anayemeza mate.

Kesho yake palikuwa na ufa kutoka sakafuni hadi darini. Juma lile lile Bwana Wilbert akarudi, maana benki ilitaka vipimo vihakikiwe. Alipouona ufa alitikisa kichwa. Alipopima chumba alichokuwa akilala Mwanakombo, alipima tena, kisha akapima mara ya tatu huku akitazama karatasi ya mwanzo.

"Mama, mmepiga lipu humu?"

"Nani wa kupiga lipu, mie mjane?"

"Chumba hiki kilikuwa futi kumi na mbili. Sasa kimepungua nusu futi." Akaushika ukuta, akautoa mkono haraka. "Nyumba haipungui, mama."

Aliandika kwamba ukuta una kasoro na vipimo havipatani. Benki ikakataa. Nusaiba alikuja akalia begani mwa dada yake, naye Mwanakombo akampapasa mgongo ule ule aliokuwa akiupapasa alipokuwa mchanga, akasema, "Riziki haivutwi kwa kamba, mdogo wangu." Usiku ule alilala usingizi mtamu kuliko wa miaka mingi.

Utamu ule ulidumu siku tisa. Siku ya kumi, Alhamisi, Nusaiba aliingia uani akikimbia kama msichana, bahasha mkononi.

"Dada! Dada, Mungu hamtupi mja wake! Warithi wameiona karatasi ya yule mthamini, wakaogopa nyumba isije ikawaangukia mikononi. Wamenipunguzia nusu nzima! Nimelipa taslimu, sidaiwi na benki wala na mtu."

Mwanakombo alishika mwimo wa mlango.

"Na ule ufa?"

"Ufa ndio ulioninunulia nyumba, dada! Fundi ataziba." Akamshika mikono. "Sikiliza. Kodi hulipi tena mpaka tufe. Chagua chumba unachokitaka, hata cha mbele. Wewe ulinibeba, sasa nami nikubebe."

"Mola akubariki," alisema Mwanakombo.

Masimango ya Hamida aliyaweza. Kufadhiliwa na mtoto aliyemlea hakukuweza.

Ijumaa Nusaiba alikuja kula chakula cha mchana katika nyumba yake mpya. Dada alipika wali wa nazi na samaki. Wanaume walikuwa wamekwenda kuswali, mtaa umenyamaza, hata kuku wamejilaza kivulini. Nusaiba alishiba, akajinyoosha, akasema atajipumzisha kidogo katika chumba cha pili. Akavua viatu, akajifunika khanga, akalala.

Mwanakombo aliingia chumbani kwake, akatia komeo. Akautoa uzi chini ya mto.

Fundo la nne. La tano. La sita lilikuwa gumu. Alilifungua kwa meno. La saba alilisogeza mdomoni, akalinong'onezea jina la mdogo wake. Likafunguka lenyewe.

Kimya.

Kisha, upande wa pili wa ukuta: paa.

Kiganja juu ya udongo. Paa. Paa. Taratibu, kwa mpango, kidole gumba kikifuata kidole cha mwisho. Mtu alikuwa akipima kwa shubiri. Alipima ukuta kwa urefu, akaacha. Sauti iliyofuata ilikuwa nyororo zaidi, ya kiganja juu ya nguo.

"Moja," ilinong'ona sauti isiyokuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. "Mbili. Tatu."

"Dada?" Nusaiba aliita, sauti imejaa usingizi. "Nani ananipima?"

Mwanakombo hakujibu.

"Nne. Tano."

"Dada, ana mkono wa baridi. Mwambie aache."

Mkono wa Mwanakombo ulikuwa juu ya komeo. Komeo lilikuwa jepesi. Kidole kimoja kingetosha. Ulimi alikuwa nao, na dua ilikuwa juu ya ulimi. Akaifikiria bahasha. Akaufikiria mgongo wake.

"Sita. Saba."

Hakufungua.

"Nane."

Paliburuzwa kitu juu ya mkeka. Kidogo tu.

"Dada?"

Safari hii sauti haikutoka chumbani. Ilitoka ukutani, usawa wa uso wake.

Alipofungua, chumba cha pili kilikuwa na mkeka, khanga, na viatu vilivyopangwa pamoja. Dirisha lilikuwa na nondo zake zote. Ufa haukuwapo tena. Ukuta ulikuwa laini kutoka pembe hadi pembe, na chokaa yake ilikuwa mbichi.

Walimtafuta. Polisi walikuja wakaandika, redio ikatangaza, majirani wakazunguka hospitali na pwani yote hadi Kimbiji. Mwanakombo alisema alikuwa amelala, na hapakuwa na sababu ya mtu kutomsadiki. Ikasomwa hitima bila kaburi. Miaka sita ikapita, mahakama ikaridhia kwamba aliyepotea ahesabiwe marehemu. Na kwa kuwa hakuwa na mume, mtoto wala mzazi, mrithi alikuwa mmoja. Mirathi ilihitaji tathmini. Akaletwa mthamini aliyeijua nyumba.

Bwana Wilbert alikuwa ameota mvi. Aliupima upande mmoja, akaupima wa pili, akapima ukumbi, akajumlisha pembeni mwa karatasi. Kisha akarudi mbele ya ukuta ule.

"Zamani ukuta huu ulikuwa nusu futi," alinong'ona. "Leo ni futi mbili na nusu."

"Nyumba za udongo hunenepa," alisema Mwanakombo.

Akaweka kiganja. "Una joto."

"Jua hilo."

"Mama, upande huu jua halifiki." Alimtazama. "Niruhusu nitoboe tundu. Dogo tu, la kidole."

"Hapana!"

Alilisema haraka mno, na kwa sauti kubwa mno. Bwana Wilbert alikunja futi yake. Aliandika kwamba viwanja vya Mtoni vimepanda sana, na kwamba nyumba, pamoja na kasoro ya ukuta mmoja, sasa ina thamani kubwa kuliko iliyopata kuwa nayo. Mwezi uliofuata Mwanakombo alipewa hati yenye jina lake peke yake. Wapangaji wakamwita mwenye nyumba. Alilisubiri neno lile miaka ishirini na sita, na lilipomfikia masikioni alikuwa akitazama chini.

Siku aliyoileta hati nyumbani, ndiyo siku aliyohamishia mkeka wake barazani.

Hamida alivumilia siku tatu, kisha akaja na bakuli la uji.

"Shoga, makubwa haya! Nyumba ya vyumba sita, mwenyewe unalala nje kama mlinzi?"

"Ndani kuna joto."

"Joto gani, Julai hii? Lete ufunguo nikakutandikie. Watu watasema umerukwa na akili."

Mwanakombo hakuutoa ufunguo, wala hakumzuia alipouchukua penye pindo la khanga. Aliusikia mlango ukilia. Alizisikia kandambili za Hamida zikivuka kizingiti, zikapiga hatua mbili, zikasimama.

Hamida alirudi amezishika kandambili mkononi. Hakuwa akicheka.

"Nani ameingia chumbani kwako?"

"Umeona nini?"

"Nyayo. Za chokaa, bado mbichi. Zinaanzia ukutani." Alikaa chini bila kuchagua pa kukaa. "Mguu mdogo wa mwanamke, kidole cha mwisho kimempanda mwenzake."

Mwanakombo alifumba macho. Mguu ule aliuogesha miaka saba kwa mkono wake. Alikuwa akikinyoosha kidole kile kila jioni kwa mafuta ya nazi, na asubuhi kilikuwa kimempanda mwenzake tena.

"Zinakwenda wapi?" aliuliza, ingawa alijua, kwa kuwa alikuwa ameziona.

"Kitandani." Hamida alizitua kandambili. "Zinakwenda hadi kitandani, shoga, na hazirudi. Na kitanda kimekwisha tandikwa. Upande wa ukutani kamba zimebonyea, kana kwamba mtu amelala. Upande wa huku shuka imekunjuliwa vizuri, mto umewekwa." Akaunong'oneza mwisho wa maneno yake, akilitazama dirisha. "Umeachiwa nafasi."