Kiuno cha Évariste

"Dada, nipunguzie hapa kiunoni."

Arlène aliinua macho kutoka kwenye cherehani yake, pale sokoni Fordsburg, watu wakipigana vikumbo mbele ya meza. Alimwona kijana mfupi, shati jeupe limenyooshwa vizuri, mkono umeshikilia suruali isimvuke.

"Hii ya nani, kaka? Ya mujomba wako?"

"Yangu. Mimi napanda farasi wa mbio."

"Eish! Farasi wako hajui hata kama amebeba mutu."

Évariste, Mrundi wa Jeppestown, alicheka mpaka Arlène, binti wa Uvira, akajichoma sindano. Mapenzi hayakukawia.

Lakini kila suruali iliporudi, futi ya kupimia ilimwonyesha Arlène kiuno kimepungua tena. Akimpikia sombe, kisamvu cha kwao, bwana anaonja kidogo na kusukuma sahani. Kwa Arlène, kukataa chungu chake ni kumkataa yeye.

"Kuna mwanamuke mwingine anakulisha?" alimuuliza kwenye simu.

"Hapana, chérie."

"Basi uko mugonjwa. Niambie. Minaogopa!"

Évariste akakata simu.

Jumamosi asubuhi Arlène akamfuata chumbani kwake. Alimkuta amejifunga mifuko ya plastiki chini ya koti zito, kando ya hita, jasho linamtiririka, midomo imepasuka.

"Unajiua, Évariste!"

"Nikizidi uzito, farasi anapewa mwingine. Kesho nitakula."

"Na ukianguka leo?"

Honi ya gari la kumpeleka kwenye mbio ikalia nje. Akachukua begi lake, akatoka.

Mchana Arlène alitazama mbio kwenye simu, pale mezani pake. Kwenye kona ya mwisho Évariste alilegea, hatamu zikamtoka mikononi, akatoweka kati ya farasi. Arlène akapiga kelele, wateja wakageuka. Alimpigia, simu ikaita tu. Akapiga tena na tena, huku akilini akikiona kiuno kile chembamba chini ya kwato.

Jioni, akiwa bado analia, mtu akasimama mbele ya meza. Évariste! Mkono umefungwa bandeji, shingo imejaa vumbi.

"Farasi walinipita pembeni," alisema kwa sauti ndogo. "Mkufunzi anataka nipungue tena, chérie. Nimekataa. Niliogopa kufa kabla sijakuoa."

Akaweka suruali juu ya meza.

"Ipanue. Nitaivaa siku ya harusi yetu, ukinikubali."

Arlène alifuta machozi, akageuza suruali ndani nje.

"Kitambaa chako chote kiko hapa. Nilikikunja tu, sikukikata."

Kisha akafunua bakuli la sombe.

"Kula kwanza. Nitakupima ukishashiba."