Kaburi la Safu ya Mwisho

Kila alasiri baada ya shule, Rawya alimsaidia baba yake, Fathi, mtunzaji wa makaburi ya vita mjini Aleksandria. Kazi ya Rawya ilikuwa kusugua mawe kwa brashi ili majina yasomeke. Mawe yalikuwa mengi kuliko hamu yake.

Alhamisi moja rafiki yake Safaa alimwita getini. "Rawya we! Tukikungoja wewe kwenda kuogelea, bahari itakauka!"

Hapo akaingia mama mzee aliyebeba kikapu. Aliitwa Bi Tafida.

"Mjukuu wangu, nimetoka Minya kwa treni. Namtafuta baba yangu, Hamdan Khalaf. Waingereza walimchukua awabebee mizigo ya vita, mimi nikiwa bado tumboni. Kusoma sijui. Nionyeshe, mwanangu."

Kitabu cha majina kilikuwa kibandani, na kukipekua kulitaka muda. Rawya akatazama getini, kisha akanyoosha kidole kwenye jiwe la karibu lenye maandishi ya Kiarabu. "Huyu hapa, bibi."

Bi Tafida alipiga magoti, akalipapasa jiwe na kusoma Fatiha huku akilia. "Baba, nimekuja. Una vitukuu tisa sasa." Alipomaliza akatoa mkate mtamu kikapuni, sadaka ya marehemu. "Kula, mwanangu, umwombee rehema Hamdan."

Rawya aliumega, lakini tonge lilimkwama kooni. Bi Tafida alikuwa tayari anakwenda kuwahi treni. Akitoka pale, hangerudi tena maishani mwake.

"Bibi, ngoja!" Rawya alimkimbilia. "Nimekudanganya. Sikutazama kitabu. Yule si baba yako."

Bi Tafida alikaa chini palepale. Fathi, aliyesikia yote, alimtazama binti yake kwa uchungu. "Lete kitabu," alisema.

Hamdan Khalaf alikuwa safu ya mwisho, kando ya ukuta. Rawya aliona aibu kubwa, kwa maana safu hiyo aliiruka kila wiki. Jiwe lilikuwa limefunikwa na kuvu. Aliuweka chini mkate aliokuwa bado ameushika, akalisugua jiwe mpaka mikono ikamwuma, kisha akakishika kidole cha Bi Tafida na kukipitisha juu ya herufi moja moja.

"Hii ha, bibi. Hii mimu. Hii dali. Alifu. Nuni. Hamdan."

"Hamdan," Bi Tafida alirudia, akalibusu jiwe.

"Treni imekuacha, bibi," Rawya alisema kwa huzuni.

"Leo wewe ni mgeni wetu," Fathi alisema.

"Na yule niliyekuonyesha kwanza?"

"Yule naye ni baba wa mtu. Dua yangu na iwe yake." Bi Tafida akamshika bega. "Lakini sikia, mwanangu. Asiyejua kusoma huazima macho ya mwenzake. Ukimdanganya, umempofusha. Leo umenipofusha, na ni wewe uliyenirudishia macho kwa kusema kweli."

Akauokota mkate, akaupangusa na kumpa.

"Haya, sasa kula."

Rawya akala, na safari hii mkate ukashuka.